Mbegu Inangoja Nini? Niliyojifunza kwa Kuotesha Maua ya Kigeni Yanayotambaa

Mtu akiniuliza namna ya kuotesha maua ya kigeni yanayotambaa, sianzi na habari za udongo wala mbolea. Namuuliza mbegu yake ilichumwa lini, na huko ilikotoka huwa inangoja nini ndipo iote. Laiti ningeyajua maswali hayo mawili mapema, ningeokoa fedha nyingi na kujiepusha na huzuni nyingi, maana karibu kila hasara niliyopata katika kazi hii ilitokea kabla mbegu haijagusa udongo.

Iliyoniuma zaidi ni ya Strongylodon macrobotrys, mmea wa misitu ya mvua ya Ufilipino. Aliyeona picha yake mara moja haisahau. Maua yake hukaa katika vishada virefu vinavyoning'inia, vingine hufikia mita 3, kila ua limepinda kwenye ncha, na rangi yake ni feruzi, rangi ambayo ni adimu sana katika maua. Walioichunguza waligundua kwamba hutokana na pigmenti mbili, malvini na saponarini, zinapokutana ndani ya seli ambazo maji yake yana alkali kidogo. Porini huchavushwa na popo. Niliutamani mmea huu kwa miaka. Nikapata muuzaji, nikalipa fedha ambazo kwa hali yangu zilikuwa nzito, nikakaa kungoja kifurushi. Mbegu zilifika kubwa, safi, kavu kabisa, zimefungwa kwenye karatasi kwa uangalifu. Nikaziloweka, zikavimba, nikafurahi. Kisha zikaanza kulainika moja baada ya nyingine na kutoa harufu ya uozo. Hakuna iliyoota.

Ukavu ule uliokuwa umenipendeza ndio uliokuwa umeziua. Mwaka 1973 mtaalamu wa mbegu E. H. Roberts alipendekeza kuzigawa mbegu katika makundi mawili kwa kuangalia namna zinavyovumilia kukauka. Kundi la kwanza hukauka zikiwa bado kwenye mmea mama, na kadiri unavyozikausha vizuri ndivyo zinavyodumu. Kundi la pili hubaki na maji ndani tangu kukomaa mpaka kuota, na maji hayo yakipungua kupita kiasi kiini hufa. Mimea mingi ya misitu ya mvua iko katika kundi hili la pili, kwa sababu mbegu inayoanguka kwenye udongo wa joto na unyevu wa mwaka mzima haina msimu wa ukame wa kujilinda nao. Mbegu ya Strongylodon ina uhai mfupi wa namna hiyo. Zangu zilikuwa zimekufa tangu njiani, pengine kabla hata sijalipa.

Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu yoyote ya mmea wa msituni, muulize anayeuza imechumwa lini na inasafirishwa vipi. Akikujibu kwamba ameikausha vizuri, mshukuru na uondoke. Mbegu ya aina hiyo inapaswa kusafiri ndani ya kitu chenye unyevu, kama kuvumwani au nyuzi za makumbi ya nazi zilizokamuliwa vizuri, na kupandwa siku ileile inapofika. Nilipopata nyingine, kutoka kwa mkulima aliyeyachavusha maua yake mwenyewe kwa mkono, zilikuja zimezikwa kwenye makumbi yenye unyevu na moja ilikuwa imekwisha kutoa mzizi ndani ya kifurushi. Sikuziloweka wala kuzikwaruza. Nilizilaza kwenye mchanganyiko wa makumbi na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto), zikazama nusu tu, nikaweka kifuniko cha plastiki juu yake, na muda si mrefu zikachipua kwa nguvu ambayo sijaiona kwa mmea mwingine wowote. Ukiweka mkono wako karibu na mche wa namna hiyo, unaokua mbele ya macho yako, unaelewa kwa nini watu hawaachi kazi hii.

Mbegu za lile kundi la kwanza, zinazopenda ukavu, zina utaratibu mwingine kabisa. Kuna kanuni ya makadirio inayojulikana kwa jina la Harrington: kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, au joto la mahali ulipoihifadhi kwa nyuzi 5 hivi za Selsiasi, umri wake wa kuhifadhiwa huongezeka mara mbili. Haifai kwa kila hali, ila imenifundisha kutoziacha bahasha za mbegu kwenye rafu iliyo karibu na dirisha. Sasa nazikausha kivulini, naziweka kwenye chupa inayofunga vizuri, na chupa inakaa mahali pa baridi. Ukiikausha mbegu ya msituni kwa utaratibu huo, umeiua. Ukiiacha mbegu kavu kwenye unyevu, itaoza au kuzeeka. Ndiyo maana mashauri ya jumla kuhusu "kuhifadhi mbegu" yamewapoteza wengi.

Mbegu hizi kavu nazo zina ukaidi wake. Clitoria ternatea, yenye ua la bluu iliyokolea, ni ya jamii ya kunde. Ipomoea alba, ua jeupe linalofunguka jioni na kunukia usiku ili kuwaita nondo, ni ndugu wa kiazi kitamu, na majani yake yanafanana nacho. Mucuna bennettii ya New Guinea, yenye vishada vyekundu kama moto, ni ndugu wa upupu. Zote hizi zina ganda gumu, na kwa zilizo nyingi ganda hilo halipitishi maji hata kidogo. Tabaka la nje limeundwa kwa seli zilizosimama wima, zimebanana, zina nta, na unaweza kuiacha mbegu ndani ya maji juma zima ikatoka ngumu vilevile. Porini ganda hulegea polepole kwa joto la mchana likipishana na baridi ya usiku, kwa moto, kwa kusuguliwa na mchanga. Mbegu za ganda moja la tunda huota kwa zamu, chache mwaka huu na nyingine miaka inayofuata, ili mvua ikidanganya zisife zote pamoja.

Kwetu sisi wenye mbegu chache mkononi, ni lazima tufungue mlango huo wenyewe, na hapa watu wengi hukosea kwa haraka. Itazame mbegu kwanza, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Utaona kovu, mahali ilipokuwa imeshikamana na ganda la mama yake. Karibu na kovu hilo ndipo ncha ya mzizi ilipo, basi usipaguse. Kwaruza upande wa pili. Kwa mbegu ndogo kama ya Clitoria natumia msasa laini, naisugua kidogo, naitazama, nasugua tena. Kwa mbegu kubwa kama ya Mucuna natumia tupa, au kikata kucha kwa kuidokoa kidogo sana. Rangi ikibadilika tu, kutoka nyeusi au kahawia hadi weupe wa maziwa, acha hapohapo. Weupe huo ni sehemu hai ya mbegu, na kila unachokwangua humo ni jeraha ambalo kuvu wataliingilia.

Baada ya hapo iloweke katika maji ya uvuguvugu usiku mmoja. Usizidishe siku nzima, kwa sababu mbegu iliyokwisha kuanza kupumua inahitaji hewa, na ndani ya kikombe cha maji yaliyotulia huishiwa. Asubuhi zitenganishe: zilizovimba zipande mara moja, ambazo hazijavimba zirudishe kwenye msasa. Wapo wanaomwagia maji yanayochemka. Njia hiyo ina nafasi yake kwa baadhi ya miti ya jamii ya kunde ambayo mbegu zake ni nyingi, lakini kwa mbegu tano ulizozinunua kwa taabu naiona ni kamari, maana huwezi kujua joto limefika wapi ndani ya ganda.

Na usidanganywe na kuvimba. Mbegu iliyokufa nayo hunywa maji, kama zile zangu za Strongylodon. Vilevile sikuamini tena kipimo cha kuelea na kuzama baada ya kuona mbegu zilizoelea zikiota na zilizozama zikioza. Nikiwa na mbegu za kutosha, nachukua chache na kuzifunga ndani ya kitambaa chenye unyevu, mahali penye joto la nyuzi 25 hivi, nione ngapi zitatoa mzizi. Hapo ndipo najua nina nini mkononi.

Jamii ya Passiflora, ile ya pasheni, ilinipima kwa namna nyingine. Ina aina zaidi ya 500, nyingi zikiwa za Amerika ya Kati na Kusini, na maua yake yana ule mzunguko wa nyuzinyuzi za rangi ambao wamisionari wa Kihispania waliufananisha na taji la miba la Yesu. Mbegu zake huota haraka zikiwa mbichi, zimetoka tu kwenye tunda na kusafishwa ule utelezi unaozizunguka. Zikikaa na kukauka huingia usingizini, na usingizi huo unaweza kuchukua miezi, wakati mwingine karibu mwaka. Nyingi huamka vizuri zaidi joto linapobadilika kati ya mchana na usiku, tuseme nyuzi 30 mchana na 20 usiku, kuliko zikiwekwa kwenye joto la aina moja saa zote. Passiflora incarnata, inayotoka kusini-mashariki mwa Marekani ambako kuna majira ya baridi, hufaidika ikipitishwa kwanza kwenye ubaridi wenye unyevu kwa majuma kadhaa. Ni lile swali la pili nililotaja mwanzoni: kule kwao, ni kitu gani huiambia kwamba wakati umefika?

Vyungu vya Passiflora vilinikatisha tamaa kuliko kazi nyingine yoyote. Unamwagilia udongo mtupu kila siku, wenzako wanakuuliza unamwagilia nini, nawe huna jibu la kuwapa. Mara nyingi nilikaribia kumwaga. Kilichonizuia ni lebo tu, kwa kuwa nilikuwa nimeandika tarehe na nikaona muda wake bado haujapita. Mche wa kwanza ulipochomoza, ukiwa bado umevaa ganda la mbegu juu ya majani yake mawili, nilikaa chini nikautazama mpaka giza likaingia. Kwa hiyo nawasihi: msimwage udongo wa Passiflora kabla ya mwaka. Sogeza chungu pembeni, kifunike kisikauke, endelea na kazi nyingine. Na mche ukiwa na kofia ya ganda isiyodondoka, usiivute. Ilainishe kwa tone la maji asubuhi na jioni mpaka iachie yenyewe.

Kuhusu Cobaea scandens ya Mexico nina neno moja tu, na linatosha. Mbegu zake ni bapa, zipande zikisimama kwa ubavu. Ukizilaza, maji hutuama juu yake na huoza kwa urahisi.

Miche ikishaota, adui mkubwa ni kinyausi. Unalala ukiwa na kitalu cha kijani, unaamka unakuta miche imelala, shina limenyauka pale linapokutana na udongo, jembamba kama uzi. Ni kazi ya viumbe wa udongoni kama Pythium na Rhizoctonia, na mche ukishaanguka hauinuki tena. Nilipoteza hivyo miche ya Thunbergia mysorensis, mmea wa kusini mwa India wenye maua ya manjano na kahawia-nyekundu yanayoning'inia kwenye nyuzi ndefu, na nilihuzunika sana kwa kuwa mbegu zake si rahisi kupatikana. Sababu ilikuwa wazi nilipofikiri: kifuniko cha plastiki nilichokiweka ili mbegu ziote kilikuwa bado kipo majuma kadhaa baada ya kuota.

Tangu hapo nafuata mambo machache bila kuyalegeza. Udongo wa kusia nautengeneza bila mboji wala samadi, ni makumbi na perlaiti au mchanga mnene uliooshwa, kwa kuwa mbegu kubwa ina chakula chake cha siku za mwanzo na haihitaji rutuba. Vyungu vilivyotumika nyuma naviosha kwa sabuni na kuviloweka kwenye maji yenye dawa ya klorini. Namwagilia kwa kuweka chungu ndani ya beseni ili maji yapande kutoka chini, uso wa udongo ukauke kidogo kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Zaidi ya yote, mche wa kwanza ukichomoza tu, kifuniko kinainuliwa kidogo, na kila siku kinafunguliwa zaidi. Unyevu mwingi unaoisaidia mbegu kuota ndio huohuo unaoulea ugonjwa.

Mingi ya mimea hii pia haipendi kusumbuliwa mizizi. Jamii ya kunde hutuma mzizi mkuu chini haraka, na Ipomoea ikihamishwa vibaya hudumaa kwa muda mrefu. Ni heri kusia kila mbegu kwenye kiriba chake chembamba kirefu na kukichana pembeni wakati wa kupanda, kuliko kusia zote pamoja na kuzing'oa.

Gloriosa superba inastahili onyo lake peke yake. Ni ua la taifa la Zimbabwe, petali zake zimejikunja kuelekea juu kwa rangi nyekundu na manjano, na hukua porini Afrika na Asia. Mbegu huota taratibu, mara nyingi baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, hutoa kichipukizi kimoja chembamba, kisha baada ya miezi michache kichipukizi kile hugeuka manjano na kukauka kabisa. Wengi hudhani kimekufa na kumwaga udongo. Chini mle kuna kiazi kidogo kilichojikusanyia chakula, kinapumzika. Punguza maji, weka chungu mahali pakavu, kisha anza kumwagilia tena msimu unaofuata. Kitatoka kikiwa kinene kuliko mwanzo. Maua huchukua misimu miwili au mitatu, na katika kipindi hicho chote hakuna kinachoonekana kwa miezi mingi. Weka lebo isiyofutika, na waambie unaoishi nao kwamba chungu kile si kitupu.

Jambo la kutegemeza nililipuuza kwa kuona ni la useremala, kumbe ni la kuujua mmea. Mimea hii haipandi kwa njia moja. Ipomoea, Clitoria, Thunbergia na Strongylodon hujizungusha kwa shina lote, nayo inahitaji fito nyembamba au kamba. Mche mchanga hauwezi kuukumbatia mhimili mnene. Passiflora na Cobaea hushika kwa vikono vyembamba, nazo zinahitaji waya au wavu. Gloriosa hushika kwa ncha ya jani lenyewe, kwa hiyo huridhika zaidi na matawi makavu membamba au kichaka jirani. Na unapousaidia mche kujizungusha, utazame kwanza. Mimea mingi ya kujizungusha, ukiiangalia kutoka juu, ncha yake huenda kinyume cha mwendo wa saa. Ukiuzungusha upande usio wake utajifungua wenyewe na kuanza upya, na mashina machanga huvunjika katika purukushani hiyo.

Habari inayonipa moyo sana katika haya ni ya Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani. Ndiye aliyeipa Strongylodon macrobotrys jina lake la kisayansi mwaka 1854. Miaka 4 baadaye aliandika makala fupi kuhusu vikono vya mimea inayotambaa, Charles Darwin akaisoma kule Uingereza, na Gray akamtumia mbegu. Darwin alizipanda, akavutiwa na miche ile mpaka ikawa utafiti wa miaka kadhaa. Alikuwa mgonjwa mara kwa mara, akikaa chumbani na vyungu vyake akipima kwa saa namna ncha zinavyozunguka hewani zikitafuta pa kushika, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1865. Kwa Cobaea alikuta kikono kikikamilisha mzunguko kwa muda wa saa 1 na robo hivi. Nimefanya hivyo mwenyewe, nikiweka alama ukutani na kurudi baadaye. Sehemu ya kazi hii isiyogharimu chochote ni hiyo, na hata mtu mwenye mche mmoja tu anaweza kuifanya.

Kisha huja wakati mmea umejaa majani, umefunika chanja lote, na hakuna ua. Sababu ya kwanza ni rutuba kupita kiasi, hasa naitrojeni. Clitoria na wenzake wa jamii ya kunde hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi, kwa hiyo mbolea ya majani unayoiongeza inawasukuma kwenye majani tu. Ipomoea nayo huchanua vizuri kwenye udongo wa wastani kuliko kwenye samadi nyingi. Sababu ya pili watu huisahau: urefu wa usiku. Ipomoea nil imetumiwa na wanasayansi kwa miongo mingi kuchunguza jambo hili, na zipo aina zake ambazo usiku mmoja mrefu huzitosha kuchochea maua zikiwa bado miche. Ipomoea alba pia husikiliza siku zinapofupika. Ikiwa mmea wako uko chini ya taa inayowaka usiku kucha, usishangae ukingoja bure. Hamisha chungu, au zima taa.

Sababu ya tatu ni umri, na hapo hakuna dawa. Ipomoea, Clitoria na Thunbergia alata huweza kuchanua ndani ya msimu uleule. Passiflora nyingi hutaka mwaka mmoja au miwili. Strongylodon hutaka miaka kadhaa na shina lililonenepa, tena hutaka chanja la juu na imara kwa sababu vishada vyake vinaning'inia na mmea wenyewe ni mzito. Wisteria, mmea mwingine unaotambaa, ikioteshwa kwa mbegu inaweza kukuweka miaka 10 au zaidi. Kwa hiyo nashauri usianze na ule mmoja tu unaoutamani kuliko yote. Anza nao, lakini pembeni yake panda Ipomoea. Ukiwa na kitu kinachochanua mapema utapata nguvu ya kumngoja mwingine. Kuna Ipomoea tricolor ambayo chipukizi la ua lake ni la zambarau iliyoelekea wekundu, na linapofunguka alfajiri hugeuka bluu ya anga. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba rangi hubadilika kwa sababu maji ya ndani ya seli za petali hupanda kutoka pH (kipimo cha asidi na alkali) 6.6 hadi 7.7. Asubuhi nyingi za kungoja Passiflora zilinipita nikiyatazama mageuzi hayo.

Ujue pia kwamba mbegu haikupi nakala ya mama yake. Ukichukua mbegu kutoka kwa Passiflora chotara yenye ua la kupendeza, watoto watatofautiana, na wengi hawatafanana na ulichokipenda. Ukitaka ua lilelile, tumia kipandikizi cha shina au zika tawi mpaka litoe mizizi. Ila utofauti huo una faida. Passiflora caerulea na aina nyingine nyingi hazikubali chavua yake zenyewe, na vipandikizi viwili vya mmea mmoja ni mmea mmoja mbele ya ua. Miche miwili iliyotokana na mbegu tofauti kwa kawaida huweza kuchavushana ikatoa matunda. Kwa sababu hiyo nabakiza angalau miche miwili ya kila aina, hata nafasi ikibana.

Mbegu zinazovuka mpaka zina sheria zake, na nchi nyingi hudai cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka. Nilipoanza nililiona hilo kuwa usumbufu. Sasa naliunga mkono, kwa kuwa mmea unaotambaa ukiupenda mahali unaweza kuuzika msitu mzima. Thunbergia grandiflora ya Asia imekuwa janga katika misitu ya Queensland, Australia, na Passiflora tarminiana ya milima ya Andes imefunika miti ya asili kule Hawaii. Kabla ya kupanda chochote ardhini nauliza kwa wataalamu wa kilimo au misitu kama kimeshaleta shida mahali penye hali ya hewa kama ya kwangu. Kikiwa na historia hiyo kinabaki chunguni, maganda yake nayachuma kabla hayajapasuka, na sikipandi kamwe karibu na mto au ukingo wa msitu.

Jambo la mwisho linahusu nyumba yenye watoto au wanyama. Gloriosa yote ina sumu ya kolchisini, na kiazi chake, ambacho kwa mtu asiyejua kinaweza kuonekana kama cha kuliwa, kimeshaua watu. Mbegu za Wisteria na za Ipomoea tricolor nazo si za kuchezea mdomoni. Maganda ya Mucuna yana vinyweleo vinavyowasha vikali, basi yavune kwa glovu ndefu, upepo ukiwa umetulia. Mbegu zangu zote zinakaa juu, kwenye chupa zenye majina yaliyoandikwa kwa wino usiofutika, na zile zenye sumu zina utepe mwekundu shingoni.